Shule zilipofungwa: kujifunza kuchora picha za vitabu Mtwara wakati wa korona

Shule zilifungwa tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Tanzania, na kesho yake vyuo vikafuata. Vyuo na kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, wanafunzi wengine tarehe 29 Juni. Katikati ya hapo Mtwara haikufungiwa ndani kama tulivyokuwa tukiona nchi za watu kwenye taarifa ya habari. Soko liliendelea, wavuvi walitoka, ndoo za kunawia zikawekwa milangoni. Aliyekuwa anajifunza kuchora alipoteza mwalimu wa kusimama nyuma yake na meza ya darasani. Alichopata ni muda mrefu usio na kengele.

Haya ni yale yaliyobaki baada ya miezi ile kwa sisi tunaochora picha za vitabu na mabango huku kusini. Waliosogea mbele walichora vitu vichache vilivyo mbele ya macho yao, kwa kupima, wakavirudia hadi vikawachosha. Waliobaki palepale walikuwa wanakusanya video.

Tuanze na hizo video, maana ndizo zilizomaliza bando za watu. Somo la kuchora likitazamwa kwa ubora wa chini kabisa halina faida: mistari ya penseli haionekani, unabaki na sauti ya mtu anayesema "angalia hapa". Pakua somo moja tu, fupi, lenye picha inayosomeka. Litazame mara ya kwanza bila kushika penseli. Mara ya pili andika hatua zake kwa maneno yako mwenyewe: umbo kubwa kwanza, halafu mhimili, halafu vivuli. Kisha zima simu uchore kitu ambacho hakimo kwenye somo. Kama mwalimu alichora birika, wewe chora mtungi. Anayechora birika lilelile ananakili mistari ya mwenzake, lakini wa mtungi hana pa kunakili, itambidi aielewe kanuni.

Vifaa havikuwa kikwazo kikubwa kama wengi walivyodhani. Penseli moja ya HB na mbili za 2B, zilizo laini na nyeusi zaidi, zinatosha kwa muda mrefu. Usitumie kichongeo cha kuzungusha peke yake, chonga kwa wembe au kisu kikali, ukiacha risasi itokeze kama sentimita moja. Ncha ndefu ikilazwa inatoa kivuli kipana, ikisimamishwa inatoa mstari mwembamba, kwa hiyo penseli moja inafanya kazi ya mbili. Penseli iliyoanguka sakafuni mara nyingi huwa imevunjika kwa ndani, utachonga na risasi itadondoka vipande vipande. Hiyo weka pembeni.

Karatasi za kawaida za rimu, gramu 80, zinafaa kwa mazoezi makavu. Ukiziwekea rangi ya maji zinajikunja na kuvimba, maana nyuzi zake ni chache na zinakunywa maji upande mmoja. Kwa rangi tafuta karatasi nene, gramu 200 kwenda juu, na 300 ndiyo inayotulia kabisa. Ikikosekana, manila inavumilia rangi nyepesi iliyopakwa kwa brashi iliyokamuliwa. Bana kingo zote nne kwa utepe wa karatasi wenye gundi kwenye ubao kabla ya kupaka, na usiibandue hadi ikauke kabisa. Tatizo la pwani ni unyevunyevu. Karatasi iliyoachwa mezani miezi ya mvua inalegea, raba inaichuna na penseli inatoboa. Ndoo tupu ya rangi yenye mfuniko unaobana, ikioshwa na kukaushwa, ni kabati bora la karatasi kuliko rafu yoyote ya nyumba ya karibu na bahari.

Kalamu ya mpira ya bluu au nyeusi ndiyo mwalimu mkali kuliko wote, kwa sababu haifutiki. Ukiigusisha kidogo inatoa kijivu, ukikandamiza inatoa giza, kwa hiyo unaweza kujenga kivuli nayo polepole kama kwa penseli. Wino wake hukusanyika kwenye ncha ukatoa doa katikati ya shavu la mtu, basi weka kipande cha karatasi pembeni na ufute ncha kila baada ya mistari michache.

Mkaa nao upo, ila mkaa wa jikoni ni mgumu na unakwaruza. Wa kuchorea unatengenezwa. Chukua vijiti vyembamba vilivyonyooka, unene wa penseli, vibandue magamba, vianike. Vipange vikiwa vimebanana ndani ya kopo la maziwa lenye mfuniko, toboa tundu moja dogo la msumari kwenye mfuniko, kisha lizamishe kopo katikati ya moto. Moshi utatoka kwenye lile tundu. Ukikoma kutoka, vijiti vimeiva. Toa kopo, liache lipoe kabisa kabla ya kulifungua. Ukilifungua la moto hewa inaingia na vijiti vinageuka majivu mbele yako. Kijiti kikikatika na ndani kuna rangi ya kahawia, hakikuiva. Kosa la mkaa la kufuta futa kwa kipande cha mkate mkavu usio na mafuta, bonyeza na kuinua, usisugue. Na kwa kuwa tuko Mtwara tuseme na hili: asikudanganye mtu utengeneze wino kwa maganda ya korosho. Mafuta ya ganda lile yanababua ngozi, waulize wanaobangua kwa mikono.

Sasa mwanga, ambao vitabu vingi vya kuchora vinaueleza kwa ajili ya watu wa Ulaya. Vinasema kaa kwenye dirisha linaloangalia kaskazini, maana huko jua halipiti kaskazini na mwanga wa dirisha hilo haubadiliki. Mtwara ipo kama nyuzi kumi kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi karibu mwisho wa Oktoba, jua la adhuhuri linapita upande wetu wa kaskazini. Kwa hiyo miezi yote ile ya kufungwa, Machi hadi Juni, dirisha zuri lilikuwa la kusini. Aliyefuata kitabu alijikuta na mraba wa jua unaotembea juu ya meza, kila robo saa kivuli cha kikombe kimehama. Kati ya Novemba na Februari mambo yanageuka, la kaskazini linakuwa tulivu. Mwenye dirisha la mashariki tu achore mchana baada ya saa saba, wa magharibi achore asubuhi.

Usiku ni rahisi zaidi. Taa moja ya sola ikiwekwa upande wa kushoto, juu kidogo ya kitu unachochora, inakupa vivuli safi vyenye kingo. Taa mbili ndani ya chumba kimoja zinatoa vivuli viwili na mchoraji mchanga anachanganyikiwa achore kipi. Zima moja. Mwenye kuandika kwa mkono wa kushoto aiweke taa kulia, asijitie kivuli cha mkono wake mwenyewe.

Cha kuchora kipo jikoni. Mbuzi ya kukunia nazi ni zoezi zuri kuliko chupa na matunda wanayopenda kuweka walimu, kwa sababu ina mbao zinazopishana, ulimi wa chuma unaotokeza, na meno madogo yanayomtia mtu tamaa ya kuanza nayo. Ukianza na meno umeharibu. Iweke sakafuni kama hatua tatu mbele yako, ikiwa imekaa ubavu kidogo. Nyoosha mkono mpaka kiwiko kikaze, fumba jicho moja, simamisha penseli. Ncha ya penseli iguse sehemu ya juu ya kiti, na kwa ukucha wa dole gumba weka alama pale miguu inapogusa sakafu. Hicho ndicho kipimo chako. Sasa lalisha penseli bila kukunja kiwiko, uhesabu kipimo hicho kinaingia mara ngapi kuanzia mguu wa nyuma hadi ncha ya ulimi. Tuseme ni mara mbili na nusu. Kwenye karatasi chora urefu wowote unaotaka wa kwenda juu, kisha zidisha kwa mbili na nusu kwenda pembeni, weka alama. Mpaka hapo hujachora mbuzi, umechora sanduku litakaloihifadhi.

Hatua inayofuata ndiyo wengi wanairuka. Tazama ile nafasi ya hewa iliyo chini ya kiti, kati ya miguu iliyopishana. Ni pembetatu. Chora hiyo pembetatu ya hewa, usichore mbao. Macho yanajua mguu wa mbuzi ukoje na yanakushawishi uuchore unavyoujua, lakini hayana mazoea yoyote na umbo la hewa, kwa hiyo yanasema kweli. Pembetatu za hewa zikikaa sawa, mbao zinajikuta mahali pake. Ulimi wa chuma unakuja baadaye, na meno mwisho kabisa: yachore machache upande wenye mwanga, mengine yapotelee kivulini. Ukiyachora yote kwa nguvu sawa yanafanana na msumeno.

Makosa ya kupima ni yaleyale kila mara. Kiwiko kimekunjwa kidogo mara ya pili, kipimo kimebadilika. Penseli imeelekezwa mbele kukifuata kitu badala ya kusimama sambamba na uso wako. Au umehamia upande wa pili wa mkeka kwa sababu mguu umekufa ganzi. Weka alama ya chaki sakafuni ulipokaa na kitu kilipokaa.

Kinu, sufuria, mtungi na ndoo vinafundisha kitu kimoja: duaradufu, yaani duara lililobanwa. Mdomo wa sufuria ukitazamwa kwa ubavu si duara, na ncha zake za kushoto na kulia hazina kona. Mchoraji mchanga huzichonga kama jani la mwembe. Ncha zinazunguka, hata kama duaradufu ni nyembamba sana. La pili, kitako cha sufuria si mstari ulionyooka. Kikiwa mbali zaidi chini ya macho yako kuliko mdomo, duaradufu yake imefunguka zaidi kuliko ya mdomo. Jaribu kwa bilauri ya kioo yenye maji: inua hadi usawa wa macho, mdomo unakuwa mstari, ishushe polepole, unafunguka. Chora kitako chote, hata sehemu usiyoiona, kama chombo kingekuwa cha kioo, halafu futa ya nyuma.

Hapo tunaingia kwenye kanuni ya umbali, na kwa hiyo Mtwara ina darasa la bure. Nenda ufukwe wa Shangani maji yakipwa. Upeo wa macho, pale bahari inapokutana na mbingu, uko sawasawa na urefu wa macho yako. Ukichutama unashuka nawe, ukipanda juu ya ngazi unapanda. Sasa watazame kina mama wanaotafuta pweza na chaza kwenye mchanga ulio tambarare. Ukiwa umesimama, na wao wakiwa wamesimama na kimo kinachokaribiana na chako, macho yao wote yataangukia kwenye mstari wa upeo, aliye karibu na aliye mbali. Kinachotofautiana ni miguu: wa karibu miguu yake iko chini sana kwenye karatasi, wa mbali iko karibu na upeo. Mtoto kichwa chake kiko chini ya mstari. Ukikaa mchangani, mstari unawakata mapajani au kiunoni. Ukilijua hili unaweza kuchora umati mzima wa mnadani bila kupima mtu mmoja mmoja. Ukilikosa, watu wako wa mbali wataelea hewani, na hilo ndilo kosa linaloonekana kwa wingi kuliko yote kwenye picha za vitabu vya watoto.

Mikindani, mji wa kale jirani na Mtwara, unafundisha kanuni hiyo kwa majengo. Nyumba za mawe zenye baraza na vichochoro vyake, na boma la Wajerumani la mwaka 1895 lililoko juu, zina kingo nyingi zilizonyooka. Simama penye kona ya nyumba ili uone kuta mbili. Kila mstari uliolala ulio juu ya macho yako unashuka kuelekea kwenye upeo, kila ulio chini yake unapanda, na ya ukuta mmoja inakutana nukta moja. Nukta hizo mbili ziwe mbali, ikibidi nje ya karatasi. Bandika karatasi ya ziada pembeni uziweke huko. Zikikaribiana sana ndani ya ukurasa, nyumba inakuwa na kona kali kama ncha ya jahazi inayokujia. Walioko Lindi mjini wana majengo ya zamani ya kutosha kwa zoezi hilohilo.

Watu ni kazi nyingine, kwa sababu hawakai. Katika miezi ile kukaa sokoni muda mrefu hakukuwa busara, lakini barazani palitosha. Chora kwa sekunde thelathini, kisha dakika moja, kisha mbili. Mstari wa kwanza ni mmoja, kutoka kichwani kupitia uti wa mgongo hadi mguu unaobeba uzito. Usianze na uso. Katika mtu aliyesimama kwa mguu mmoja, shimo la koo linakaa juu ya kisigino cha mguu huo. Likitoka nje yake, mtu wako anaanguka. Mwezi Juni mashambani wanapuliza salfa kwenye mikorosho, na mtu mwenye mashine mgongoni ni somo zuri: mzigo unavuta nyuma, kwa hiyo kiwiliwili kinainama mbele hadi uzito wa pamoja ukae juu ya nyayo. Ukimchora amenyooka wima na mashine mgongoni, hata asiyejua kuchora ataona kuna kitu si sawa, ila hatajua ni nini.

Omba ruhusa. "Shikamoo bibi, naomba nikuchore mikono ukichambua mboga." Wazee wengine hawapendi sura zao zitiwe kwenye karatasi, na wana haki. Mikono wanakubali mara nyingi, au mgongo. Uadilifu huohuo unahusu vinyago vya mapiko, vile vinavyovaliwa kwenye ngoma za Wamakonde. Lipiko ni mfano mzuri wa uso usiotikisika, wenye chale na ndonya (kipande kinachovaliwa mdomo wa juu) za kufundisha umbo la shavu na mdomo, lakini ni kitu cha jando, si pambo tu, na si kila mzee wa Kimakonde atafurahi kumwona kijana amekikalia mbele na penseli. Vinyago vya kuuzia wageni havina shida hiyo.

Kichwa cha mtu mzima kinaingia kama mara saba na nusu katika urefu wake. Mtoto mdogo ana kichwa kikubwa kwa mwili wake, wa miaka mitano hivi kinaingia kama mara tano na nusu. Macho yako katikati ya kichwa, si juu. Wengi wanayapandisha kwa sababu wanasahau utosi una kimo. Upana wa kichwa ni kama macho matano.

Ngozi yetu ndiyo vitabu vya kigeni vinaishughulikia vibaya. Vinafundisha kuacha uso mweupe na kutia kivuli kidogo chini ya pua. Kwa ngozi nyeusi anza kinyume: paka toni moja ya kati uso mzima, sawasawa, kabla ya chochote. Kisha tia giza penye mashimo ya macho, chini ya taya na ubavu wa pua. Mwisho inua mwanga kwa raba au uache karatasi: paji la uso, mgongo wa pua, mfupa wa shavu, mdomo wa chini. Kwenye ngozi nyeusi mng'ao una kingo kali kuliko kwenye nyeupe, usiusambaze kwa kidole ukawa ukungu. Kabla hujagusa uso, tengeneza ngazi ya visanduku vitano pembezoni mwa karatasi, kutoka weupe hadi giza la mwisho la penseli yako, na uamue kila sehemu ni kisanduku cha ngapi. Finya macho unapotazama. Vitu vidogo vinapotea, vinabaki vipande vikubwa vya mwanga na giza. Nywele zichore kama umbo moja zito kwanza. Vipilipili vichache kwenye ukingo vinatosha, na mistari ya twende kilioni lazima izunguke kufuata fuvu, si kunyooka kama matuta ya shamba tambarare.

Kanga ina mtego wake. Chora mwili, halafu mikunjo, halafu ndipo maua. Pindo lipotee ndani ya mkunjo na litokee upande wa pili likiwa limesogea. Maua yaliyonyooka kama kwenye kitambaa kilichotandikwa kitandani yanaua mwili wote uliouchora. Jina la kanga nalo likatike. Msomaji atasoma nusu na atamalizia mwenyewe.

Mpaka hapa ni kuchora. Kazi ya picha za vitabu inaongeza jambo jingine: mtu yuleyule aonekane yuleyule ukurasa wa 3 na wa 27, akiwa amekaa, anakimbia, ameinama. Kabla ya kuanza kitabu, tengeneza ukurasa wa mhusika: mbele, ubavu, nyuma, robo tatu (amegeuka kidogo, kati ya mbele na ubavu), wote kwenye mistari ileile ya kimo. Ongeza nyuso sita za hisia. Andika pembeni vipimo vyake, kwa mfano vichwa vitano, masikio yanaanzia usawa wa macho, kaptula inaishia juu ya goti. Mhusika asiye na ukurasa huu hurefuka kadiri kitabu kinavyoendelea, na mchoraji ndiye wa mwisho kugundua.

Vitabu vingi vya watoto vya picha vina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa hukunjwa ikatoa kurasa kwa makundi ya nane au kumi na sita. Chora vijisanduku vyote 32 kwenye karatasi moja, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, viwili viwili kama kurasa zinavyofunguka. Ndani yake weka umbo la giza na nafasi ya maneno, basi. Hapo utaona kama fisi anatokea kwenye ukurasa wa kulia, ambapo msomaji anamwona kabla ya kufunua, au wa kushoto baada ya kufunua. Jambo la kushtua likae nyuma ya kufunua. Utaona pia kama kila picha ni mtu mmoja kasimama katikati. Badilisha, sogeza karibu, panda juu ya mnazi utazame chini. Na usiweke uso wa mtu pale kurasa mbili zinapokutana, utamezwa na mshono.

George Lilanga, aliyezaliwa wilaya ya Masasi mwaka 1934 na kupitia Nyumba ya Sanaa Dar es Salaam, alikuwa mchonga vinyago kabla ya kuwa mchoraji wa rangi, na hilo linaonekana. Watu wake wana masikio makubwa, matumbo yaliyotokeza na viungo vilivyopinda, wamejaza nafasi yote, lakini kingo zao hazina wasiwasi. Vijana wakimwiga huchukua masikio na kuacha uhakika wa mstari. Alikuwa na sheria zake na alizifuata kwa kila mtu kwenye picha. Kama mhusika wako ana mikono mirefu kupita kiasi, basi wote wa kitabu hicho wawe na chembe ya urefu huo, la sivyo wasomaji watadhani umekosea.

Kuhusu ushauri wa wenzako: kwa kuwa mwalimu hakuwapo, makundi ya WhatsApp ndiyo yalibaki, na jibu la kawaida humo ni "kazi nzuri sana kaka" na vidole gumba vitatu. Uliza swali linalojibika. "Mkono upi ni mrefu?" "Mwanga unatoka wapi?" Kabla ya hapo jikosoe mwenyewe: geuza karatasi, iinue mbele ya dirisha, uitazame kwa nyuma. Jicho moja lililopanda juu litajionyesha papo hapo. Na weka tarehe nyuma ya kila karatasi, hata mbovu.

Kupiga picha ya mchoro kwa simu kuna namna yake. Laza mchoro sakafuni kivulini, nje, mchana, si juani. Simu iwe sambamba kabisa na karatasi. Ukiinamisha, mraba unakuwa mpana chini. Rudi nyuma kidogo kisha ukate kingo, maana lenzi ya simu inapinda mistari ukiikaribia sana. Ukituma WhatsApp kama picha inabanwa na mistari myembamba inaparaganyika, kwa hiyo itume kama faili. Asiye na kalamu ya simu na anataka kuchora humo humo anaweza kulowanisha kidogo kijiti cha pamba cha masikio, akakizungushia karatasi ya foili toka kwenye pamba hadi anaposhika. Skrini inahisi umeme wa mwili, ndiyo maana foili lazima iguse vidole. Programu za bure zipo, ibisPaint X kwa simu na Krita kwa kompyuta. Amua ukubwa mwanzoni: A4 ya kuchapa kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508. Mchoro ulioanzia pikseli 800 haukuzwi, unapasuka. Hifadhi kwa PNG wakati wa kazi. JPEG inapoteza kidogo kila ukihifadhi upya. Na kabla ya kupeleka kwa mchapaji ongeza milimita tatu za rangi kila upande nje ya ukingo wa ukurasa, kwa ajili ya kisu chake, na maneno yote na vichwa vya watu vikae ndani angalau sentimita moja. Muulize pia anataka faili ya rangi za wino nne au za skrini. Bluu kali na kijani cha kung'aa cha kwenye simu hufifia kwenye karatasi, ni vyema ukaliona hilo kwenye nakala moja ya majaribio kabla mashine haijaanza.